Sura ya Saba: Korodani Iliyokawia Njiani

Saratani nyingi huwangoja waliokula chumvi nyingi. Ile ya tezi dume, kwa kawaida, humkuta mwanamume akiwa na wajukuu. Ya korodani haina subira hiyo: wengi inaowapata wana umri wa miaka 15 hadi 40, yaani wako kidato cha nne, chuoni, kwenye steji ya boda boda au katika mwaka wa kwanza wa ndoa. Kwa kuwa tezi dume na korodani ni majirani na hutajwa kwa haya ile ile, watu huzichanganya. Kijana wa Kitale akisikia redioni kwamba wanaume waliovuka miaka 40 wajitokeze wapimwe, huona hayo ni mambo ya baba yake. Anabadilisha stesheni.

Tumwondolee hofu kwanza. Ugonjwa huu ni adimu, na kwetu ni adimu zaidi. Makadirio ya mwaka 2020 yalihesabu wagonjwa wapya wapatao 74,000 duniani kote, wakati saratani ya matiti peke yake ilikuwa na zaidi ya milioni mbili. Norwe na Denmaki, kati ya kila wanaume 100,000, kama kumi hivi huugua kila mwaka. Afrika Mashariki haifikishi hata mmoja. Daktari wa Webuye anaweza kustaafu akiwa amewaona wagonjwa wa kuhesabika kwa vidole.

Ila uadimu una bei yake. Ugonjwa usiotarajiwa hauulizwi, na usioulizwa huonekana umechelewa. Huko Ulaya ya kaskazini wanaugua wengi na kufa wachache. Kwetu wanaugua wachache, lakini sehemu kubwa zaidi ya hao wachache ndiyo inayopotea. Kwa hiyo inafaa kujua nani yumo hatarini na kwa nini. Majibu mengi yanayozunguka mitaani kati ya Kitale na Bungoma si ya kweli. Lile la kweli kuliko yote huonekana kwa macho tangu mtoto akiwa na miezi michache, mradi awepo mtu wa kumfungua nepi na kuangalia.

Mshukiwa wa kwanza kutajwa ni pikipiki. Anayeshinda juu ya boda boda kutoka Kiminini hadi Kamukuywa, barabara ikimtingisha na injini ikimchoma mapajani, ana haki ya kuuliza. Hata hivyo, kuendesha baiskeli au pikipiki hakujaonyeshwa kuleta saratani hii. Wala jinzi za kubana, wala simu mfukoni, wala punyeto, wala mwanamume kufungwa uzazi. Teke la mpira pia halina hatia, ingawa hutoa ushahidi wa kupotosha: kijana hupigwa, huumia, hujipapasa usiku, na ndipo anapokuta uvimbe ambao pengine ulikuwepo miezi kadhaa. Akiulizwa hospitalini ulianza lini, atasema ulianza Jumamosi ile uwanjani. Teke limefichua tu. Tohara nayo haihusiki. Inapunguza hatari ya saratani ya uume, kiungo kingine kabisa. Kwa korodani haiongezi wala haipunguzi.

Wapo washukiwa wawili ambao mimi nisingewaachilia huru haraka hivyo. Mmoja ni bangi. Tafiti kadhaa za Marekani zimekuta kwamba wanaoivuta kila wiki kwa miaka mingi huugua kwa wingi zaidi aina mojawapo ya saratani hii, ingawa kukutwa pamoja si sawa na kuwa chanzo. Wa pili ni sumu za kuua wadudu, na hapa Trans Nzoia lazima itege sikio, maana ni nchi ya mahindi. Kampuni ya Kenya Seed ilianzia Kitale mwaka 1956, na kijana wa huko hubeba pampu ya dawa mgongoni kabla hajaota ndevu. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, liliiweka DDT katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu, na korodani ikatajwa miongoni mwa viungo vinavyotiliwa shaka, kwa ushahidi hafifu. DDT si kitu kinachopulizwa mashambani leo. Glavu na barakoa zivaliwe, lakini zivaliwe kwa sababu nyingine nyingi zilizo na nguvu kuliko hii.

Washukiwa wote hawa wana kasoro moja: wanatafutwa katika maisha ya kijana. Kesi yenyewe ilifunguliwa kabla hajazaliwa.

Denmaki, nchi ambayo imekuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi duniani, ilikaliwa na jeshi la Ujerumani tangu 1940 hadi 1945. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita idadi ya wagonjwa huko ilikuwa ikipanda kizazi baada ya kizazi. Watafiti walipopanga wagonjwa kwa mwaka wa kuzaliwa wakakuta shimo: wanaume waliozaliwa katika miaka ya vita waliugua kwa kiwango cha chini kuliko waliozaliwa kabla yao na baada yao. Umri wao wa hatari ulipofika, vita vilikuwa vimekwisha zamani, na walikula na kufanya kazi kama Wadenmaki wengine wote. Kilichowatofautisha kilitokea tumboni mwa mama, au katika siku za mwanzo za uhai. Wahamiaji nao walitoa ushahidi unaoelekea huko huko. Wanaofika Denmaki wakiwa watu wazima huja na hatari ndogo ya makwao. Wana wao wanaozaliwa huko hukaribia hatari ya wenyeji.

Si mazingira tu. Marekani, wanaume weupe huugua mara nne hadi tano zaidi kuliko weusi wanaoishi nao mji mmoja, na tofauti hiyo imedumu vizazi na vizazi. Mwaka 2009 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwa wakati mmoja kwamba yamekuta alama kwenye jeni iitwayo KITLG, na umbo lake la hatari limeenea zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya kuliko wa asili ya Afrika. Hiyo ni sehemu ya sababu ya Bungoma kuwa na wagonjwa wachache. Hatukufanya lolote la kustahili sifa, tulirithi.

Aliyeziona chembe zenyewe ni daktari wa Copenhagen, Niels Skakkebæk. Mwaka 1972 alichapisha habari za wanaume waliokuja hospitalini kwa kukosa watoto. Katika vipande vya korodani zao alikuta chembe zisizo za kawaida, na baadaye baadhi yao wakaugua saratani mahali pale pale. Chembe hizo hufanana na zile za kijusi ambazo zilipaswa kukomaa na kuwa mbegu. Zimebaki changa, zimelala miaka yote ya utoto, na homoni za balehe zinapoanza kutiririka, huamshwa. Ndiyo maana ugonjwa huu hauwasubiri wazee.

Sitaki kuupita utafiti huo wa Skakkebæk bila kugonga mlango mmoja wa kwetu. Uzazi hafifu kwa mwanamume ni dalili ya hatari, hafifu lakini ya kweli, kwa sababu korodani isiyotengeneza mbegu vizuri huenda ina hitilafu ya tangu kuumbwa. Boma likikaa miaka mitatu bila mtoto, ni nani hutumwa kliniki? Mke. Ni nani hupewa dawa za mitishamba na mama mkwe? Mke. Mume hukaa kwenye kigoda akingoja majibu ya mwili wa mtu mwingine, na korodani zake hazijawahi kuguswa na daktari.

Turudi tumboni mwa mama. Korodani haziumbwi pale tunapozikuta. Huanza juu, karibu na figo, kisha husafiri kuteremka, zikapita kwenye mfereji mwembamba wa kinena na kuingia mfukoni, kwa kawaida katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Zinafuata ubaridi: mfukoni joto huwa chini ya lile la tumboni kwa nyuzi mbili au zaidi, na mbegu haziwezi kutengenezwa vizuri bila nafuu hiyo. Mara nyingine moja hukawia njiani, au zote mbili. Kati ya wavulana 100 waliotimiza miezi, watatu hivi huzaliwa hivyo. Kwa waliozaliwa kabla ya wakati inaweza kufika 30. Nyingi hushuka zenyewe. Anayefika miezi sita ikiwa bado haijaonekana ana nafasi ndogo sana kwamba itashuka bila kusaidiwa.

Korodani iliyobaki juu ndiyo hatari kubwa iliyothibitishwa ambayo daktari anaweza kuiona kwa macho na kuigusa kwa vidole. Mwenye nayo ana hatari mara kadhaa ya mwingine. Tafiti nyingi huitaja kati ya mara mbili na mara nane. Upasuaji wa kuishusha ni wa kawaida, na madaktari hushauri ufanywe mtoto akiwa na kati ya miezi sita na 18. Kuishusha hakufuti hatari yote, maana kosa la kuumbwa lilikwisha kufanyika. Linalobadilika ni kiasi, na kiasi hicho hutegemea umri. Mwaka 2007 watafiti wa Uswidi walichapisha matokeo ya wanaume karibu 17,000 waliofanyiwa upasuaji huo. Waliofanyiwa kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa na hatari kama mara mbili ya watu wa kawaida. Waliofanyiwa wakiwa na miaka 13 au zaidi, zaidi ya mara tano.

Umri wa miaka 13. Msomaji wa Bungoma ameshaanza kuhesabu, na ana sababu, lakini tupite kliniki kwanza.

Miezi sita ni umri ambao mtoto wa Bungoma huletwa kliniki kwa chanjo ya kwanza ya malaria. Kaunti hii ni mojawapo ya zile nane za magharibi zilizoanza kupewa chanjo hiyo katika mpango uliozinduliwa mwaka 2019. Kitale, mtoto wa miezi sita huletwa kwa matone ya vitamini A. Mama amesimama foleni, ana kitabu cha kliniki mkononi, mtoto amevuliwa nguo zote kwa ajili ya mizani. Hakuna mashine inayohitajika, wala damu kutolewa, wala shilingi moja. Anahitajika nesi mwenye mikono yenye joto na nusu dakika: ziko mbili? Zikiwa mbili, andika. Ikiwa moja, mpeleke kwa daktari wa upasuaji wa watoto. Akina mama hawaulizi kwa sababu hawajui kwamba ni jambo la kuuliza, na manesi wana foleni hadi getini. Mzazi anayesoma ukurasa huu na kijana wake bado hajaota meno anaweza kuziangalia mwenyewe leo jioni, baada ya kumwogesha kwa maji ya uvuguvugu, na kesho akamwambia nesi alichokiona.

Anayepita hapo bila kuonekana ataonekana Agosti.

Wabukusu hutahiri mwezi wa Agosti wa mwaka unaogawanyika kwa mbili, na msimu huo huchukua nchi nzima ya Bungoma na sehemu kubwa ya Trans Nzoia. Kijana huzunguka na chinyimba, yaani njuga, mikononi akiwaalika jamaa. Huenda kwa khocha, ndugu wa mama yake, akachinjiwa na kuvishwa nyama shingoni. Alfajiri hupelekwa mtoni, hupakwa tope, na hurudi nyumbani akisindikizwa na nyimbo, asimame mbele ya ukoo bila kupepesa jicho. Wengi wanaosimama hivyo wako kwenye ukingo ule ule wa miaka ambapo Waswidi walichora mstari. Huo ndio mwaka ambao kila mwanamume wa ukoo ana habari na sehemu za siri za kijana huyu, jambo ambalo halijawahi kutokea na halitatokea tena maishani mwake. Ngariba mzoefu ameona wavulana wengi kuliko daktari yeyote wa kaunti.

Mtu angedhani basi kwamba ngariba ndiye mkaguzi bora. Sivyo, na sababu ni ya kimwili. Korodani zina msuli unaozivuta juu kwa baridi na kwa hofu. Chukua mvulana, mtumbukize katika maji ya mto saa kumi na moja alfajiri, mpake tope la baridi, msimamishe mbele ya kisu na ya baba zake: hata zile zilizoshuka vizuri zitakimbilia juu. Ngariba atakayeona mfuko mtupu saa hiyo hawezi kujua kama ni kasoro au ni Agosti. Ukaguzi ni wa siku za kabla, ndani ya nyumba, mwili ukiwa na joto, na mvulana akiwa amechuchumaa au amelala chali.

Siku za kabla zipo. Nyumba nyingi siku hizi huwapeleka vijana hospitalini au zahanati, ama watahiriwe huko moja kwa moja, ama wakaguliwe kwanza ndipo wakabidhiwe kwa mila. Maswali yanayoulizwa hapo ni ya kutokwa damu, kisukari na virusi. Kuongeza swali moja la korodani hakuipunguzii mila heshima yake. Na likiulizwa, liulizwe mwaka wa zamu ya mvulana wa miaka kumi au 11. Nyumba zinazongoja hadi 14 ili kijana "akomae" zinamgharimu pasipo kujua. Kwa aliyekwisha kubalehe na korodani moja ingali juu, mara nyingi daktari hushauri iondolewe kabisa, na moja iliyobaki ikiwa nzima inatosha kwa sauti, kwa ndevu na kwa watoto.

Zipo hatari nyingine, nazipitia haraka. Aliyewahi kuugua upande mmoja yuko hatarini zaidi upande wa pili. Virusi vya ukimwi huongeza kidogo uwezekano wa aina iitwayo seminoma. Wavulana waliozaliwa na tundu la mkojo chini ya uume badala ya kwenye ncha wamo pia katika orodha, na asili ya tatizo lao inafanana na ile ya korodani iliyokawia. Urefu wa kimo huongeza hatari kidogo, jambo ambalo halimsaidii mtu yeyote.

Kinachowaumiza wachache wetu wanaougua ni kupotea kwa muda. Uvimbe huu mara nyingi hauumi, na kisichouma kwetu si ugonjwa. Ukianza kuwa mzito, dukani kwa dawa hutolewa antibayotiki, kwa kuwa maambukizi ndiyo yaliyozoeleka. Zikiisha, hutolewa nyingine. Wengine husema ni maji yamejaa, na hapo ndipo pa hatari: uvimbe wa korodani usiojulikana haupaswi kudungwa sindano wala kupasuliwa kupitia mfukoni, maana kufanya hivyo huweza kufungulia saratani njia ambazo hazikuwa zake. Kwanza ni altrasaundi. Ikithibitika, korodani hutolewa kupitia kinena, ule ule mfereji ulioiteremsha. Saratani yenyewe ikisambaa hufuata mishipa kurudi kule ilikotoka korodani, kwenye tezi zilizo nyuma ya tumbo karibu na figo. Kwa hiyo kijana analalamika mgongo, na analaumu magunia. Baadhi ya uvimbe huu hutoa homoni ya ujauzito. Mwanamume mwenye nao akipima mkojo kwa kile kijiti cha kina mama, anaweza kusoma mistari miwili.

Na hapa barabara za Kitale na Bungoma hukutana Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Indiana, daktari kijana Lawrence Einhorn alimpa mwanafunzi John Cleland, ambaye saratani yake ya korodani ilikuwa imeenea mwilini na dawa nyingine zimeshindwa, mchanganyiko wenye dawa mpya iitwayo sisplatini, iliyotokana na madini ya platini. Cleland alipona. Kabla ya hapo, karibu wote waliofikia hali yake walikufa. Baada ya hapo, kama wanane kati ya kumi huishi. Miaka 15 baadaye, mwaka 1989, chuo hicho hicho cha Indiana kilianza ushirikiano na Chuo Kikuu cha Moi, ukazaa mpango wa AMPATH. Kitengo chake cha saratani kilijengwa pamoja na Patrick Loehrer wa Indiana, ambaye naye ni mtafiti wa saratani ya korodani. Sijui mji mwingine wa Afrika wenye nasaba ya moja kwa moja namna hii na tiba ya ugonjwa huu, na kutoka Kitale ni kama kilomita 70 tu kwa matatu.

Mgonjwa akifika huko, swali linalosahaulika ni la ndugu zake. Ndugu wa kiume wa mgonjwa ana hatari mara nane hadi kumi ya mwingine, na mwanawe mara nne hadi sita. Mara nane ya kidogo bado ni kidogo, hivyo hakuna haja ya kikao cha ukoo. Waambiwe tu, wote, pamoja na wa nyumba ya mama mdogo, wajipapase mara moja kwa mwezi baada ya kuoga maji ya moto, mfuko ukiwa umelegea: korodani moja kwa wakati, kati ya kidole gumba na vidole viwili, ikizungushwa taratibu. Kinachotafutwa ni kitu kigumu, hata kama ni kidogo kama punje ya mahindi, kisichouma, kwenye korodani yenyewe. Kile kifundo laini cha nyuma yake kila mwanamume anacho, na huwatia hofu ya bure wanaojipapasa kwa mara ya kwanza.